Chama Kisife Pamoja na Mkubwa Wake



Katika parokia moja ya milimani, huku kwetu Kivu, kulikuwa chama cha kusaidiana. Kila nyumba ilitoa faranga 1000 kwa mwezi. Mtu akifiwa, chama kilinunua jeneza, kikalipa gari la kuleta maiti kutoka hospitali. Mtoto akikosa feza ya shule, wazazi wake walikopeshwa, nao wakarudisha baada ya mavuno. Nyumba zilipita sitini. Mkubwa wa chama alikuwa mzee mmoja seremala, mtu wa sala na wa maneno machache, ambaye kila mmoja alimsadiki. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikachaguliwa kuwa mwandishi kwa sababu, walisema, mwandiko wangu ni mzuri.

Mzee yule alifanya kazi zote. Yeye alipokea michango, yeye aliiweka katika sanduku chini ya kitanda chake, yeye alishika ufunguo. Alijua kwa kichwa nani amelipa, nani amekopa, na nani ameomba angojewe kidogo. Nami mwandishi nilifanya nini? Mwisho wa mwezi aliniambia jumla, nikaiandika, nikatia sahihi. Siku moja nilimwuliza kama haingefaa tuhesabu pamoja. Akacheka, akaniambia: «Mwanangu Mwalimu, wewe una watoto wa shule, nao wanatosha kukuchosha. Kazi hii niachie mimi.» Nikamwachia. Nilidhani namheshimu, kumbe nilikuwa mvivu tu.

Mwaka 2014 mzee alishikwa na ugonjwa wa ghafula usiku, akafa kabla ya mapambazuko. Tukafungua sanduku ili tumzike kwa heshima. Feza tuliyoikuta ndani haikufika robo ya jumla niliyoiandika mimi mwenyewe. Nyingine ilikuwa wapi? Imekopeshwa, bila shaka. Lakini kwa nani? Majina yalikuwa katika kichwa cha marehemu, na kichwa kile kilikuwa kinakwenda kaburini. Watu wachache walikuja wakakubali deni lao. Wengine walinyamaza. Matanga hayajaisha, maneno yakaanza kuzunguka kisimani na sokoni, kwamba mzee alikuwa anakula feza ya watu.

Mjane wake alinijia nyumbani jioni moja. Hakulia. Alisema tu: «Mwalimu, wewe ndiwe uliyeandika. Waambie kwamba mume wangu hakuiba.» Nami sikuweza kumjibu, kwa maana nilikuwa nimeandika nisiyoyaona.

Chama kilikufa mwezi ule ule.

Sisimulii habari hii ili nimlaumu marehemu. Nasadiki hakuiba hata faranga moja. Na hilo ndilo jambo ninalotaka tulifikiri pamoja leo. Chama chetu hakikuuawa na mwizi. Kiliuawa na mtu mwema aliyefanya kazi peke yake, na sisi wengine tulioridhika kumwacha aifanye.

WEMA PEKE YAKE HAUTOSHI

Tunapochagua wakubwa wa vyama vyetu, vya akiba, vya wakulima, vya akina mama, vya wazazi wa shule, tunauliza swali moja: Je, mtu huyu ni mwema? Ni swali la haki, na ole wake chama kisichouliza. Lakini halitoshi. Tukitaka kuezeka nyumba, hatumwiti jirani kwa kuwa ana moyo mzuri. Twamwita fundi aliyejifunza kupima mbao. Kuongoza chama nako ni ufundi. Kuna namna ya kuendesha mkutano, namna ya kushika hesabu, namna ya kugawa kazi, na namna ya kumtayarisha atakayekuja nyuma yako. Hakuna aliyezaliwa akijua mambo hayo.

Wakristu wanakumbuka habari ya Yetro, baba mkwe wa Musa, katika sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka. Yetro alimwona Musa akiketi tangu asubuhi hata jioni, akiamua mashauri yote ya taifa zima, na watu wamesimama wakingoja. Hakumwambia kwamba ni mtu mbaya. Alimwonya kwamba atajichosha yeye mwenyewe na kuwachosha watu pamoja naye. Basi achague watu waaminifu, awaweke wakubwa wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa makumi, naye abaki na mashauri yaliyo mazito. Musa alikubali. Laiti na mzee wetu angalimpata Yetro wake! Mimi ndimi niliyepaswa kuwa Yetro, nami nilinyamaza.

WAVUVI WALIOSOMA JIKONI

Ikiwa uongozi ni ufundi wa kufundishwa, hufundishwaje? Nitawasimulia habari za watu wa mbali sana, ambao hata hivyo hali yao ilifanana na yetu kuliko tunavyodhani.

Upande wa mashariki wa Kanada, kando ya bahari ya Atlantiki, liko jimbo liitwalo Nova Scotia. Miaka mia iliyopita wavuvi wa pwani ile walikuwa maskini sana. Walimwuzia mfanyabiashara samaki zao kwa bei aliyoipanga yeye, kisha walinunua nyavu na chakula kwake yeye yule, kwa deni. Vijana wengi walihama kwenda kutafuta kazi katika miji ya Marekani.

Huko kulikuwa padri mmoja, Jimmy Tompkins, mwalimu katika chuo kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri katika mji wa Antigonish. Mwaka 1921 alitoa kitabu kidogo akisema kwamba elimu isifungiwe chuoni, ipelekwe kwa watu wenyewe. Baadaye alitumwa kuwa paroko wa Canso, kijiji cha wavuvi. Tarehe 1 Julai 1927, Kanada ilipokuwa ikishangilia miaka 60 tangu kuundwa kwake, wavuvi wa Canso walikutana wakasema wao hawaoni cha kushangilia. Kelele yao ilisikika mbali, na serikali ikaweka tume ya kuchunguza hali ya wavuvi. Mwaka 1928 chuo kikuu kile kiliunda idara ya kupeleka elimu vijijini. Aliyewekwa kuiongoza alikuwa padri Moses Coady, ndugu wa ukoo wa Tompkins.

Coady alifanya nini? Hakuleta gunia la feza, wala hakuanza kwa kujenga maduka. Aliita mkutano mkubwa wa kijiji, akawaamsha watu kwa maneno makali, kisha akawagawa katika makundi madogo ya majirani. Kila kundi lilikutana katika nyumba ya mmoja wao, mara nyingi jikoni, jioni kazi zikiisha. Kiongozi wa kundi alikuwa mmoja wao, mvuvi au mkulima au mama wa nyumba. Walisoma vijitabu vyepesi, wakafanya hesabu, wakajadiliana: Kwa nini bei ya samaki inashuka? Nani anapata faida katikati? Ni neno gani tunaloweza kulifanya sisi wenyewe kwa mikono yetu? Baada ya kusoma na kushauriana ndipo walipofanya shauri la kuanzisha chama cha akiba na mikopo, au duka lao la ushirika, au kiwanda chao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 makundi hayo ya kusoma yalikuwa yamepita 1,000.

Katika kijiji cha Little Dover, karibu na Canso, wavuvi walikata miti wenyewe wakajenga kiwanda cha kutia kamba wa baharini katika makopo. Katika kijiji cha wachimba makaa cha Reserve Mines, familia 11 zilitaka kujenga nyumba kwa ushirika. Hazikukimbilia matofali na mbao. Zilikutana kwanza kujifunza bei za vifaa, hesabu ya mkopo, na kazi ya kila mtu. Nyumba zilijengwa mwaka 1938, na mtaa ukaitwa Tompkinsville kwa ukumbusho wa padri wao.

Sasa, ndugu msomaji, tazama siri ya kazi ile. Kundi la jikoni lilikuwa shule ya wakubwa. Mtu aliyeongoza majirani kumi, akaandika maneno yao, akajua kumnyamazisha msemaji mwingi na kumpa neno mwenye haya, huyo aliweza baadaye kuketi katika baraza la chama cha mamia. Hakika si vyama vyote vya wakati ule vilivyodumu. Lakini wakati Coady alipodhoofika akaacha kazi mwaka 1952, kazi haikusimama. Yeye alifariki mwaka 1959, na mwaka ule ule chuo kikuu kilianzisha chuo chenye jina lake, cha kufundisha viongozi wa vyama kutoka nchi nyingine. Hata leo watu kutoka Afrika huenda kusoma huko.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Labda mtu atasema: Hayo ni mambo ya wazungu wenye shule. Basi turudi Afrika, tena kwa akina mama ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Mwaka 1991, katika sehemu za Maradi, nchi ya Niger, shirika la CARE lilianza kusaidia akina mama wa vijijini kuunda vyama vidogo vya akiba na mikopo. Njia ile imeenea tangu hapo katika nchi nyingi za Afrika, hata kwetu Kongo. Chama huwa na watu wachache, kwa kawaida hawapiti 25 au 30. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Anayetunza sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Wenye funguo hawamo katika baraza la wakubwa. Sanduku halifunguliwi ila mkutanoni, mbele ya macho ya wote. Wahesabu wawili huhesabu feza kwa sauti. Mkopo una kipimo, nao kwa desturi hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Baada ya mwaka hivi, feza yote inagawanywa kwa wenyewe, na mwaka mpya unaanza kwa kuchagua wakubwa tena.

Na wasiojua kusoma? Mwisho wa mkutano jumla inatangazwa, na wote wanaagizwa kuishika kichwani. Mkutano ufuatao, kabla sanduku halijafunguliwa, wanaulizwa: Tuliacha feza ngapi? Wakijibu, feza inahesabiwa, na watu wanaona kama maneno na feza vinapatana. Mzee wetu seremala naye alishika hesabu kwa kichwa. Lakini kichwa chake kilikuwa kimoja, na vya akina mama wale ni ishirini na zaidi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama wale wamejifanya daftari wao wenyewe.

Huku kwetu Kivu likirimba tunaijua tangu zamani: watu wanachanga, na kila mmoja anapata kwa zamu. Tunazo pia zile mutuelle za mshikamano, ambazo watu huziita MUSO, zenye masanduku matatu. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la misiba na magonjwa. La buluu ni la feza inayotoka nje ya chama. Usidhani rangi ni mchezo wa watoto. Feza ya jeneza haikopeshwi kwa biashara ya mafuta ya ngazi, wala feza ya mikopo hailiwi katika matanga. Laiti chama chetu kingalikuwa na masanduku mawili tu, tungalimzika mkubwa wetu bila aibu.

MAMBO MANNE YA KUJIFUNZA

Kwanza, mkutano. Mkutano wenye faida una siku yake, saa yake, na maneno yaliyopangwa kabla. Mkubwa anafungua, anasikiliza, anafupisha, anauliza wote kama wamepatana. Mkubwa asemaye peke yake tangu mwanzo hata mwisho amehubiri tu, hakuongoza mkutano. Mwandishi anaandika shauri lililofanywa, nani atalitimiza, na kabla ya siku gani. Mkutano ujao unaanza kwa kusoma maneno hayo. Hapo mvivu anajulikana bila kutukanwa.

Pili, feza. Kila faranga inayoingia iandikwe siku ile ile, na anayetoa apewe karatasi au aandikiwe katika kitabu chake kidogo. Kila faranga inayotoka iwe na sahihi mbili. Anayeandika asiwe ndiye anayetunza. Na hesabu isomwe mbele ya wote, si mbele ya wakubwa tu.

Tatu, kugawa kazi na kukagua. Mkubwa, mwandishi na mtunza feza ni watu watatu, na wakaguzi ni wengine tena. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida imeweka mkutano mkuu wa wanachama juu ya wakubwa wao. Maana yake, chama ni mali ya wanachama, na mkubwa ni mtumishi wao kwa muda.

Nne, muda na warithi. Kila kazi iwe na mwisho wake, miaka miwili au mitatu, kama chama kinavyoamua. Tena kila mwenye kazi awe na mwenzake anayejifunza kando yake. Mtunza feza ahesabu pamoja na msaidizi. Mkubwa amwachie makamu aongoze mkutano mmoja kwa kila mitatu, hata kama makamu anakosea, maana mtoto hajifunzi kutembea mgongoni mwa mama yake. Na katika kazi hizo wasisahauliwe akina mama na vijana. Mara nyingi tunawaita kupika na kuimba, halafu tunashangaa kwamba hawajui kuongoza.

Najua wako watakaosema kwamba kufuli ya pili ni dalili ya kutosadikiana. «Mkubwa wetu ni mtu wa Mungu, tutamwekaje mkaguzi?» Nawajibu kwa jina la mjane yule. Kama tungalikuwa na kufuli tatu na kitabu kilichosomwa kila mwezi, nani angalithubutu kumwita mumewe mwizi? Mkaguzi hamtukani mtu mwaminifu. Anamlindia jina lake, hasa siku ile ambayo yeye mwenyewe hawezi tena kujitetea.

UFUNGUO WA MAMA

Ilipita miaka miwili kabla sijapata moyo wa kusimama. Jumapili moja baada ya Misa, kwa ruhusa ya paroko, niliwaambia watu kwamba kwa miezi mingi nilitia sahihi hesabu nisiyoihesabu, na kwamba kosa lile ni langu, si la marehemu. Palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja aliondoka mahali pake akasema mbele ya wote kwamba yeye alikopeshwa, na kwamba alinyamaza kwa kuona haya. Siku zilizofuata tulipita nyumba kwa nyumba, watatu pamoja, tukiandika. Deni nyingi zilijulikana. Si zote, wala hatukurudishiwa feza yote. Lakini maneno ya kisimani yalikwisha.

Tulianza upya nyumba 14 tu. Kabla ya kutoa faranga ya kwanza, tulikutana mara moja kila juma kwa miezi mitatu, jikoni kwa mmoja wetu, tukijifunza kuandika kitabu cha hesabu na kuongoza mkutano kwa zamu. Wako waliochoka wakaacha. Waliobaki wanajua kazi. Mimi si mwandishi tena. Mwandishi ni binti mmoja niliyemfundisha shuleni, na hesabu zake ni safi kuliko zangu. Kufuli ni tatu. Tulipochagua wenye funguo, jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la mjane wa seremala. Kila mkutano anakuja na ufunguo wake umefungwa katika pembe ya kitenge, anaufungua polepole mbele ya wote, naye hajakosa hata siku moja.

Basi, ewe msomaji, wewe uliye mkubwa wa chama, na wewe uliye mwanachama tu, na wewe mwanafunzi ambaye kesho utachaguliwa kwa sababu ya mwandiko wako mzuri: mkutanapo safari ijayo, ulizeni swali hili kwa sauti, wala msione haya. Mkubwa wetu akifa usiku wa leo, nani kesho asubuhi anajua hesabu? Kama jibu ni «hakuna», msivunjike moyo, wala msimlaumu mkubwa wenu. Mpelekeeni kiti, keti karibu naye, hesabuni pamoja.